Mfuko wa Ramani Uliokuwa Mtupu

Karanga nilizinunua stendi ya mabasi ya Jinja, jioni moja nikiwa na miaka 19. Mama muuzaji alizifunga kwenye karatasi aliyoisokota kama pembe, na nilipozimaliza nikaikunjua ili nilambe chumvi iliyobaki. Juu ya ukurasa palikuwa na maneno My African Journey, na chini yake Mzungu fulani anaeleza habari za maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani. Maporomoko yetu. Nilisoma pale pale nimesimama, mabasi yakipiga honi, mpaka ukurasa ukaniishia katikati ya sentensi.

Nikarudi mbio. "Mama, karatasi hizi unazitoa wapi?"

Akavuta gunia dogo kutoka chini ya meza. Vitabu vilitoka kwenye nyumba moja ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972; vilikaa darini miaka mingi, kisha mwenye nyumba mpya akaviuza kwa kilo. Cha My African Journey zilikuwa zimebaki kurasa zisizofika nusu, hazina jalada, hazina mwanzo. Nilimpa yule mama pesa ya karanga za wiki nzima nikaondoka nazo. Ninazo mpaka leo, ndani ya bahasha ya kaki.

Ilinichukua muda kujua kwamba mwandishi ni Winston Churchill, aliyepita Uganda mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, na kwamba kitabu kilitoka London mwaka 1908. Alisimama pale kwenye maporomoko akatamani maji yale yafungwe yazungushe mitambo. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa, na maporomoko yakamezwa na maji. Sisi tuliozaliwa baadaye tunayajua kwa midomo ya wazee na kwa vitabu. Nadhani huo ndio ugonjwa wangu ulipoanzia: kuna mahali niliponyimwa kupaona kwa macho, na watu waliopaona waliandika, na maandishi yao yalikuwa yanafungiwa karanga.

Nilikulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi, ambako Msoga, Mluo, Mnubi na Mteso walipanga foleni kwenye bomba moja la maji, na lugha ya foleni ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi. Mimi ni wakala wa forodha mpakani Malaba, huu ni mwaka wa 24, na kutwa nzima naongea na madereva wa malori yanayopanda kutoka Mombasa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia fulani anakusanya vitabu adimu vya safari za enzi za ukoloni, hudhani ni profesa au tajiri. Vitabu vyangu ni 31 tu. Vyote vinaingia kwenye kabati moja la chuma, na kila kimoja nakumbuka nilikosa nini ili nikipate.

Cha kwanza kuagiza ng'ambo kilikuwa Journal of the Discovery of the Source of the Nile cha John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile, toleo la 1863, kilichochapwa na William Blackwood and Sons wa Edinburgh na London. Niliweka akiba miezi 14. Muuzaji, ambaye simtaji, aliandika kuwa kiko katika hali nzuri kwa umri wake. Kilipofika nilinawa mikono, nikatandika kitambaa safi mezani, mke wangu na watoto wakasimama nyuma yangu. Kilikuwa kizuri kweli. Karatasi nene bado nyeupe, picha za kuchorwa, harufu kama ya stoo ya nafaka. Nikafungua taratibu mpaka jalada la nyuma. Ndani ya jalada umebandikwa mfuko wa karatasi, na kwenye mfuko huo ndipo ramani kubwa ya kukunjwa huwekwa. Nikaingiza vidole viwili.

Hamkuwa na kitu.

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya pesa peke yake. Riziki yangu ni kulinganisha hati na mali. Kontena likifunguliwa mbele yangu nahesabu katoni moja moja, na sijawahi kumpitishia mteja mzigo kwa maneno ya "hali nzuri". Lakini kwa kitabu nilichokitamani kuliko kitu chochote, nilisahau kuuliza kilicho ndani. Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba hakusema ramani ipo. Ni kweli, hakusema.

Tangu siku hiyo sitoi shilingi kabla sijahesabu. Vitabu vya safari vya karne ile karibu vyote vina orodha ya picha na ramani kurasa za mwanzo. Natafuta nakala iliyopigwa picha kwenye Internet Archive, ambako vingi vya vitabu hivi vinasomwa bure, naiandika orodha yote kwenye daftari, kisha namwomba muuzaji anipigie picha ya kila kimoja: ukurasa wa jina la kitabu mbele na nyuma, kila mchoro, kila ramani ikiwa imekunjuliwa. Muuzaji mwaminifu hachoki na maswali. Anayechoka, namshukuru namwacha. Msafiri Henry Morton Stanley alipoandika In Darkest Africa, kile cha juzuu mbili cha 1890 kuhusu safari ya kumfuata Emin Pasha, gavana wa Equatoria, ukurasa wa jina wenyewe ulitangaza michoro 150 na ramani. Wauzaji wengine wanazikata ramani wakaziuza peke yake kwa watu wa kutundika ukutani, na kitabu kinabaki kama nyumba iliyong'olewa milango.

Kitabu hicho hicho cha Stanley kilinifundisha kwamba uzee si uadimu. Nilidhani kitu cha mwaka 1890 lazima kiwe dhahabu. Kumbe kiliuzwa kwa wingi mno, Ulaya na Marekani, na nakala za kawaida zimejaa duniani. Adimu ni zile 250 zilizotiwa saini na Stanley mwenyewe, ambazo sina na sitakuwa nazo. Speke naye alichapwa tena kwa bei nafuu mwaka 1906 kwenye mfululizo wa Everyman. Mtu anayetaka kusoma tu, hicho kinamtosha kabisa, na nimewashauri hivyo vijana kadhaa waliotaka kuuza simu zao wanunue toleo la kwanza. (Na kwa wenzangu wa mpakani: kitabu kinaingia sura ya 49 ya ushuru, lakini kikipita miaka 100 huhesabiwa kitu cha kale, sura ya 97. Uliza mapema kabla mzigo haujafika.)

Sasa niseme la mchwa, ambalo kulisimulia bado linaniuma.

Nilipata juzuu mbili za The Albert N'yanza za Samuel Baker, za 1866, yule aliyefika Ziwa Albert mwezi Machi 1864 pamoja na mkewe Florence. Nilizipata Kampala kwa bei ambayo mpaka leo namwonea huruma aliyeniuzia. Wakati huo nilikuwa na rafu ya mbao, fundi mzuri aliichonga, nikaiegemeza ukutani sebuleni. Mvua za masika zikaja, kazi ikanishika Malaba wiki sita. Niliporudi nikataka kumwonyesha mgeni picha ya Baker. Vitabu vilikuwa vimesimama wima, migongo inameta, hakuna dalili. Nikaishika juzuu ya kwanza kwa juu nikaivuta. Mgongo ulikuja mkononi peke yake. Nyuma yake palikuwa na udongo. Mchwa walitoka ndani ya ukuta, wakatoboa mbao, wakaingia kwenye kitabu kutoka nyuma, wakala kurasa zote za katikati na kuacha pande tu zilizosimama kama kuta za kichuguu. Nilipougusa udongo ule ulikuwa bado na unyevu, na wao walikuwa bado wanatembea.

Mgeni akasema pole. Mimi nilikaa chini.

Juzuu ya pili ilipona kwa sababu ilikuwa imesimama upande mwingine wa kamusi nene, na mchwa hawakuwa wameimaliza kamusi. Tangu hapo vitabu viko kwenye kabati la chuma, miguu yake ipo juu ya matofali, na kati ya kabati na ukuta unapita mkono wangu mzima. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi navitoa vyote. Jinja kuna unyevu wa ziwa. Ukungu huanza kama vumbi jeupe kwenye kitambaa cha jalada, na mende hupenda kulamba gamu ya kitambaa mpaka rangi inabaki na madoa kama ramani ya visiwa. Vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, madereva wananikusanyia. Kitabu kigeni hakichanganyiki na wenzake kabla hakijapita kwenye friza ya jirani yangu anayeuza sangara. Tunakifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, kinakaa wiki mbili chini ya samaki, kisha nakiacha siku nzima kipate joto la nje kabla ya kuifungua mifuko, maana ukiifungua mapema matone ya maji yanakishukia. Vidudu na mayai yao hufa. Jirani mwanzoni aliniona kama nimerogwa. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha tarehe.

Haya ya matunzo mengi nilifundishwa na mzee mmoja wa Barabara ya Nasser, Kampala, mtaa wa wapiga chapa. Yeye ni Mnubi wa Bombo, alishona vitabu maisha yake yote, kwanza kwenye kiwanda cha chapa cha serikali Entebbe, baadaye kwenye kibanda chake mwenyewe kati ya mashine za kalenda na kadi za harusi. Nilimpelekea Speke wangu kwa sababu bawaba ya jalada ilikuwa inaachia. Na mimi, kwa kujua kwangu kote, nilikuwa nimeishikiza kwa selotepu.

Aliiangalia ile selotepu muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Mwanangu, umemfunga mgonjwa bandeji ya lami."

Ilimchukua alasiri nzima kuitoa, kwa kisu butu na pumzi ya mdomo. Gundi yake aliipika mbele yangu: unga wa ngano uliochekechwa mara tatu, maji, moto mdogo, koroga bila kupumzika mpaka uwe kama uji wa mtoto. Gundi ya unga, alisema, fundi atakayekuja baada yangu ataweza kuilowesha akaitoa. Gundi ya dukani inamfungia mlango. Aliniambia pia kwa nini Speke wa 1863 ana karatasi imara kuliko vitabu vyangu vya 1900 na kitu. Karatasi za zamani nyingi zilitokana na matambara. Baadaye viwanda vikageukia massa ya miti yenye asidi ndani, inayoila karatasi pole pole mpaka inavunjika kama chapati kavu. Nikamwonyesha zile kurasa zangu za karanga. Akavunja kipembe kidogo kwa ukucha, kwa kunithibitishia, na akaniomba radhi kwa kukivunja.

Alipokuwa akifanya kazi nilimsomea. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na redio yake ilikuwa mbovu. Nilisoma Kiingereza cha Speke, kisha nikamfasiria kwa Kiswahili. Lakini kila baada ya mistari michache alinikatiza kabla sijafasiri, kwa sababu katikati ya Kiingereza kile alikuwa anasikia maneno yake mwenyewe. Kirangozi. Posho. Pombe. Mbugu. Na hongo, ukurasa baada ya ukurasa, hongo kwa huyu mtemi, hongo kwa yule, maana siku hizo hongo ilikuwa ada halali ya kupita nchi ya mtu. Mimi ninayelisikia neno hilo mpakani kwa maana ya aibu, nilisimama kidogo hapo. Hicho kitu Speke alichokilalamikia njia nzima ni ushuru. Wenye nchi walikuwa wanatoza ushuru kwenye mpaka wao.

"Huyo bwana," mzee akauliza, "alipofika kwa Kabaka, waliongea lugha gani?"

Nikamweleza. Speke alikaa Buganda kwa Muteesa tangu Februari mpaka Julai 1862. Maneno yake alimwambia Bombay, mtu wa msafara wake, kwa Kihindustani, Bombay akayageuza kuwa Kiswahili, na hapo pakahitajika mtu mwingine tena wa kuyatia katika Kiganda. Jibu likarudi njia ile ile.

Mzee aliweka brashi chini. "Basi mwenye safari ni Bombay."

Nilikuwa na kitabu kile mwaka wa tatu. Nilijua idadi ya michoro yake, nilijua historia ya mchapaji wake, na sikuwa nimewahi kuwaza hivyo.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, ndiko alikojifunza Kihindustani. Aliporudi Zanzibar akiwa huru alikwenda na Burton na Speke maziwani mwaka 1857, akarudi na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara na Cameron kutoka pwani hii hadi ile. Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilimpa nishani ya fedha na pensheni mwaka 1876. Mpime kwa maili alizotembea, na sijui ni nani kati ya hao mabwana zake anamfikia. Hakuacha kitabu.

Kuanzia siku ile ya Nasser, namna yangu ya kutafuta ilibadilika. Sikuacha kununua vitabu vya Wazungu, ila nilianza kuvisoma kama ninavyosoma maelezo ya upande mmoja wa mgogoro wa mzigo: mtu anayeandika ana maslahi yake. Speke aliandika sura nzima kudai kwamba wafalme wa nchi za maziwa lazima wawe uzao wa wageni kutoka Uhabeshi, kwa kuwa hakuweza kukubali kwamba dola ile aliyoikuta imejengwa na watu wa hapa. Fikra hiyo iliotesha sumu iliyoua watu katika kanda yetu karne iliyofuata. Nakiweka kitabu chake kabatini kwa heshima inayostahili ushahidi, na ninapowaonyesha vijana ukurasa ule nawaambia waziwazi kwamba hapa aliandika uongo. Ukurasa wa maporomoko nao nawaonyesha. Aliyafikia tarehe 28 Julai 1862, akayapa jina la Lord Ripon, lakini hapo hapo akaandika kwamba Waganda wanayaita Mawe. Ejjinja, jiwe. Jina la mji wetu limo ndani ya kitabu kabla ya mji wenyewe kuwepo.

Na nikaanza kutafuta waliosafiri kwa njia ya kinyume.

Mwaka 1902 Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Karani wake Ham Mukasa alikwenda naye, akaandika kila alichokiona, kwa Luganda: meli, bahari, majumba, mashine, tabia za watu, vyakula. Mmishenari Ernest Millar akayatia katika Kiingereza, na Hutchinson wa London akachapa mwaka 1904 kwa jina Uganda's Katikiro in England. Kwanza nilikisoma katika toleo fupi la 1975 lililohaririwa na Taban lo Liyong, nililolikuta kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba pembeni mwa barabara, Kampala. Kisha nikaenda kukaa na lile kubwa kwenye maktaba ya Uganda Society, iliyo ndani ya Jumba la Makumbusho, Barabara ya Kira. Nenda siku moja kama uko Kampala. Ni chumba kimya, vitabu vyake vinakusubiri, na huhitaji kuwa mtu mkubwa.

Kutafuta nakala yangu ya 1904 kulichukua miaka sita. Katikati ya miaka hiyo kijana mmoja aliniletea moja nyumbani, bei rahisi kupita kiasi. Moyo ulinidunda. Nikaifungua ukurasa wa jina, nikainua kuelekea dirishani, na nuru ikanionyesha sehemu iliyokwanguliwa kwa wembe, duara kamili, karatasi imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ni mahali palipokuwa na muhuri wa maktaba. Maktaba ikitoa kitabu kwa halali, hugonga muhuri mwingine juu ya ule wa kwanza, haikwangui. Nilimwambia kijana akirudishe alikokitoa, na nikamwambia kwamba jioni hiyo ningempigia simu mtu wa maktaba niliyoidhania. Nikapiga. Yangu, iliyokuja miaka miwili baadaye, ina jina la mwenyewe wa kwanza kwa wino na doa la chai ukurasa wa 40, na sijutii.

Kile kinachonipa furaha kuliko vyote si hata changu. Ni nakala ya fotokopi ya Safari za Wasuaheli, mkusanyo alioutoa Mjerumani Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Humo wanazungumza wasafiri wenyewe kwa Kiswahili. Mmoja ni Selim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia. Mswahili anaieleza theluji kwa lugha ya pwani! Nilipoanza kumsomea mzee sikuhitaji kufasiri kitu. Alicheka mahali pa kucheka, akanyamaza mahali pa kunyamaza, na aliponikatiza ilikuwa kunirekebisha matamshi. Toleo lenyewe la 1901 nimeliona mara mbili likiuzwa Ujerumani, na mara zote mbili lilikwenda kabla sijamaliza kuchanga.

Mfuko wa ramani wa Speke ulibaki mtupu miaka yote hiyo. Watu waliniambia niweke nakala ya kisasa ya ramani. Mzee hakukataa, ila alisema nakala lazima iandikwe kwa penseli kwamba ni nakala, ili asidanganyike mtu nitakapokuwa nimekufa. Sikuiweka. Badala yake, kila nilipokisoma kitabu tena niliandika kwenye karatasi jina la kila mtu wa msafara niliyekutana naye, na ukurasa alipotajwa, na lililompata. Karatasi zikawa tatu. Nikazikunja nikazitia mfukoni mle.

Mwezi uliopita nilimpelekea tena, bawaba ya mbele ilikuwa inalegea. Siku hizi anafanya kazi kwa kugusa zaidi kuliko kuona. Aligeuza kitabu, vidole vikapanda jalada la nyuma, vikaingia mfukoni, vikasimama.

"Umepata ramani?"

"Hapana, Mzee. Ni majina ya watu wa msafara."

"Nisomee."

Nikamsomea kama yalivyoandikwa kitabuni. Bombay. Baraka. Mabruki. Rahan. Frij. Ilmas...

"Ngoja." Akainua mkono wenye gundi. "Frij ndiyo nini? Mama gani anamwita mwanawe Frij? Huyo ni Faraji. Na Ilmas ni Almasi, hata kwetu Bombo wapo. Rahan ni Rehani. Huyo bwana aliandika alivyosikia."

Akapapasa mezani, kati ya uzi na sindano, mpaka akaipata penseli yake, akanipa.

"Anza tena juu," akasema. "Polepole, nisikie kila mmoja."